Uchambuzi wa kisa: Typhoon mbili zilivyoua mchezo wa Mortain, na tulivyourudia

## Kisa kinahusu nini

Hiki ni kisa cha mchezo mmoja wa vita wa mezani, ule wa modeli ndogo, ambao ulivunjika katikati kwa sababu ya ndege za kushambulia ardhini, Typhoon za Waingereza. Tukausimamisha, tukabadilisha sheria za ndege, tukaurudia siku hiyohiyo kuanzia palepale ulipoharibika. Nakiandika kirefu kwasababu hili tatizo lipo kwenye meza nyingi sana, mtu analeta ndege yake nzuri aliyoipaka rangi wiki nzima, afu ama inamaliza vifaru vyote ndani ya raundi mbili ama haifanyi kitu kabisa mpaka inarudishwa kwenye boksi na haitoki tena.

Majina nimetoa, klabu siitaji, niseme tu ni Uingereza na wengi wetu pale tunaongea Kiswahili. Aliyecheza Wajerumani nitamwita Mzee maana ndo tunavyomwita wote, aliyecheza Wamarekani ni Dogo, aliyeandika senario (yaani mpangilio wa pambano lenyewe) ni Mwandaaji, na mimi nilikuwa refa.

## Historia kidogo, maana bila hii kisa hakieleweki

Senario ilitoka Mortain, Normandy, Ufaransa, tarehe 7 Agosti 1944. Wajerumani walishambulia usiku kuelekea magharibi, lengo lao wafike Avranches wawakate Wamarekani waliokuwa wameshapenya kusini. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na huo ukungu ndo uliwasaidia, kwasababu bila huo ndege za washirika zingekuwa juu yao tangu jua linatoka. Kijiji cha Saint-Barthélemy, kaskazini kidogo ya Mortain, kilikuwa kinalindwa na askari wa miguu wa Divisheni ya 30 ya Marekani wakiwa na mizinga ya inchi 3 ya kuvutwa na gari, na walipigana kwenye ukungu huo kwa umbali mfupi mno. Kufika kama saa sita mchana ukungu ukaondoka, Typhoon za Waingereza zikaanza kuja. Siku hiyo ziliruka karibu mara 300 juu ya eneo lile.

Typhoon ilikuwa inabeba roketi nane na mizinga minne ya milimita 20. Marubani waliporudi walidai wameharibu vifaru zaidi ya 80. Baadae timu ya Waingereza ya utafiti wa kivita ikaenda kuhesabu mabaki chini, ikakuta vifaru na mizinga ya kujiendesha 46, na katika hivyo 46, vilivyoharibiwa na silaha za ndege walivihesabu 9 tu, saba kwa roketi na viwili kwa mabomu. Vingi kuliko hivyo vilipigwa na jeshi la Marekani chini, na vingine wenyewe walivitelekeza au walivilipua.

Sasa mtu akisoma hapo anaweza kusema basi ndege hazikuwa na kazi. Hapana. Shambulio lilisimama. Wajerumani waliacha barabara, wakajificha chini ya miti, wafanyakazi wa vifaru wengine walitoka wakakimbia hata kama kifaru chao hakijaguswa, kwasababu mtu aliyekaa ndani ya kile chuma akisikia roketi zinakuja hana namna ya kujua hii itanikosa. Hii tofauti, kati ya kuua kifaru na kuzuia kifaru kisiende kinakotaka, ndo moyo wa kisa chote kinachofuata.

## Meza ilivyopangwa

Meza ya futi sita kwa nne, modeli za milimita 15. Barabara moja inakata kijiji na kuishia kwenye njia panda, pande zote mashamba madogo yaliyozungushiwa yale maboma ya udongo yaliyoota miti, kama ilivyo Normandy kweli. Mzee alikuwa na vifaru tisa, Panther tano na Panzer IV nne, pamoja na askari wa miguu kwenye magari manne ya nusu-minyororo (magurudumu mbele, minyororo nyuma) na mzinga mmoja wa kutungulia ndege. Dogo alikuwa na kampuni moja ya askari wa miguu, mizinga miwili ya inchi 3, bazuka kadhaa (roketi za begani za kupiga vifaru), na jozi moja ya Typhoon.

Sheria za ndege alizoandika Mwandaaji, na wote tulizisoma tukazikubali kabla, zilikuwa hivi. Raundi 1 mpaka 4 kuna ukungu, huoni zaidi ya inchi 8. Raundi ya 5 ukungu unaondoka na ndege zinaingia zenyewe, kila raundi. Kila ndege inarusha dadu nane, dadu moja kwa kila roketi, ukipata 5 au 6 umelenga, na aliyelengwa unamrushia tena, 3 kwenda juu kifaru kimekufa kwasababu kinapigwa juu ambako chuma ni chembamba. Ukiisoma haraka inaonekana ina mantiki kabisa, roketi nane dadu nane.

## Kilichotokea, mara ya kwanza

Raundi nne za ukungu zilikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kusimamia, nasema kweli. Mzee alikuwa anasogeza Panther zake taratibu barabarani bila kujua mizinga ya Dogo iko nyuma ya boma gani, Dogo naye anasikia vifaru (tulikuwa tunaweka alama ya sauti mezani) ila havioni, mpaka Panther ya kwanza ikatokea inchi 6 mbele ya mzinga wake ikalipuliwa hapohapo. Mzee akarudi nyuma, akatuma askari wa miguu wapite shambani kuutafuta huo mzinga. Watu walisimama kuzunguka meza wanaangalia.

Raundi ya 5, ukungu ukaondoka. Typhoon mbili zikaingia, dadu kumi na sita, sita zikalenga, vifaru vinne vikafa. Raundi ya 6 zikarudi, vitatu vikafa. Mzee akabaki na kifaru kimoja.

Akaweka tepu yake chini akasema, "Sasa kijana wangu mimi nifanye nini? Asubuhi yote tumecheza, na yote tuliyofanya hayana maana tena." Dogo hakufurahi pia, na hili watu wengi hawalitegemei. Alisema, "Mzee hata mimi sijashinda hapa, mizinga yangu haijapiga tena, ni dadu tu zimepigana." Na alikuwa sahihi. Upande wake ulishinda ila yeye hakuamua kitu chochote, alionyesha kidole afu akarusha.

## Mapumziko, na maamuzi tuliyofanya

Tukasimamisha, tukachemsha chai. Mwandaaji kwa bahati alikuwa amepiga picha za meza kwa simu mwisho wa raundi ya 4, kwahiyo tuliweza kurudisha kila modeli ilipokuwa. Tukaamua kurudi mwanzo wa raundi ya 5 badala ya kuanza upya, kwasababu ukungu haukuwa na shida yoyote na tulitaka tuone sheria mpya zinafanya nini kwenye hali ileile iliyotuharibikia.

Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu. La kwanza lilikuwa tuondoe ndege kabisa. Mzee mwenyewe alilikataa, akasema Mortain bila ndege sio Mortain, na kwamba anataka aogope, ila aogope akiwa na cha kufanya. La pili, tumuongezee Mzee mizinga ya kutungulia ndege. Hili lilionekana la haki ila nililipinga kwasababu linaufanya mchezo uwe wa dadu dhidi ya dadu zaidi ya ulivyokuwa, na vita ya chini bado inabaki imesahaulika. La tatu ndo tulilochukua, tubadilishe ndege inafanya nini ikifika.

Hapo tulianza na hesabu. Kwa sheria ya kwanza kila dadu ina theluthi moja ya kulenga na theluthi mbili za kuua, kwahiyo ndege moja inaua wastani wa vifaru karibu 1.8 kila ikipita, jozi inaua karibu 3.6. Tukalinganisha na majaribio ya Waingereza wenyewe, ambayo Typhoon zilirusha roketi 64 kwenye Panther iliyotekwa, imesimama, imepakwa rangi nyeupe ionekane vizuri, hakuna anayewapiga risasi, na roketi tatu tu ndo zilipata. Chukua kiwango hicho, ndege ikimwaga zote nane ina nafasi kama theluthi moja ya kupata walau moja, na hapo ni hali ya starehe. Vitani na moshi na risasi zinapanda, nusu ya hiyo ni ukarimu. Nusu ya theluthi ni moja ya sita, yaani 6 kwenye dadu moja. Dadu MOJA kwa ndege nzima, sio nane.

Kwahiyo tukaandika hivi kwenye karatasi. Kwanza, ndege haziji zenyewe. Kuanzia raundi ya 5 Dogo anarusha dadu, 4 kwenda juu zimefika, zikishambulia zinaondoka na raundi inayofuata anarusha tena. Pili, Dogo hachagui kifaru, anachagua eneo la inchi 12 kwa 6, kwasababu rubani sio yeye, na siku ile ya Mortain Typhoon hazikuwa na mawasiliano ya redio ya moja kwa moja na Wamarekani waliokuwa chini. Kama kuna Wamarekani ndani ya inchi 12 kutoka eneo hilo na hawajaweka moshi wa njano au vitambaa vya utambulisho, refa anarusha, 1 au 2 roketi zinawaangukia wao. Tatu, kila ndege dadu moja, 6 inaua kifaru kimoja. Magari yasiyo na chuma kinene yanakufa kwa 4 kwenda juu, maana mizinga ya milimita 20 inayachana. Nne, na hii ndo kubwa kuliko zote, chochote kilichopo kwenye eneo hilo, kimeguswa hakijaguswa, kinapima morali, yaani dadu inaamua kama watu wake wanavumilia au wanavunjika moyo. Kikishindwa kidogo kinakimbilia kwenye boma au bustani iliyo karibu na hakisogei raundi hiyo, kikishindwa vibaya wafanyakazi wanatoka nje na itabidi uwarudishe kwa dadu. Tano, mzinga wa kutungulia ndege kazi yake ni kumsumbua rubani, 5 kwenda juu ndege inamwaga roketi mapema na inapoteza nafasi yake ya 6, morali inabaki inapimwa.

Halafu tukampa Mzee uchaguzi wa kila raundi: kikosi kikipita barabarani kinaenda mwendo kamili ila kinaonekana toka juu, kikipita kando ya maboma kinaenda nusu mwendo na ndege haikioni.

Kulikuwa na mjadala pia wa modeli ya ndege yenyewe, kama ikae mezani au la. Kwa kipimo cha modeli zetu meza nzima ni kama mita 180, Typhoon inayoshuka kwa kilomita 600 kwa saa inaivuka kwa sekunde moja na kitu, na rubani anarusha roketi akiwa mbali kama mita 900, yaani kwenye kipimo chetu yuko mita tisa kutoka kwa shabaha, nje ya ukumbi. Kuna waliosema basi modeli ni pambo tuiweke pembeni. Mimi nilisema ikae, juu ya stendi yake, pale inaposhambulia. Mtu aliyeipaka ile mistari myeusi na myeupe ya kuitambulisha ndege ya washirika chini ya tumbo tu kama ilivyokuwa Agosti, badala ya kuizungusha mwili mzima kama ya Juni, amefanya kazi inayostahili kuonekana, na tena ikiwa mezani kila mtu anakumbuka kwamba kuna kitu juu. Tulikubaliana tu kwamba hakuna kupima umbali kutoka kwenye stendi.

## Mchezo uliorudiwa

Mzee alianza na vifaru nane. Raundi ya 5 Dogo akarusha 2, hakuna ndege. Mzee alikuwa ameshaamua kucheza kamari, akapeleka magari ya nusu-minyororo na vifaru vitatu barabarani mwendo kamili, akafika mbali.

Raundi ya 6 zikafika. Dogo akaweka eneo lake juu ya barabara. Mzinga wa Mzee ukakosa. Dadu mbili za roketi, 3 na 5, hakuna kifaru kilichokufa hata kimoja, na kwa sheria za zamani watu wangesema raundi imepotea. Lakini magari mawili ya nusu-minyororo yakaungua, Panzer IV mbili zikakimbilia kwenye bustani ya matufaha, na wafanyakazi wa Panther moja wakatoka nje. Msafara uliokuwa kitu kimoja ukawa vipande vinne.

Raundi ya 7 ndo niliyoipenda. Ndege hazikuja ila Mzee hakujua kama zingekuja. Akakaa anaangalia meza muda mrefu. Awasubiri askari waliobaki bila gari wamfikie, au aende na vifaru peke yake? Apite barabarani, au kando ya maboma? Akaenda na Panther kando ya maboma, nusu mwendo, bila askari wa miguu mbele, na bazuka ya Dogo iliyokuwa imelala nyuma ya boma lilelile ikapiga Panther ubavuni. Kile kifaru kiliuliwa na askari wa miguu ila kilipelekwa pale na ndege ambayo haikuwepo mezani.

Raundi ya 8 zikaja, na Dogo akaona Panther ziko karibu na mzinga wake, akaita eneo hapohapo mbele ya watu wake. Alikuwa na kadi moja ya moshi wa njano, hakuitumia, alikuwa anaitunza. Nikarusha, 2. Roketi zikaangukia platuni yake iliyokuwa bomani, ikarudi nyuma na wafanyakazi wa mzinga mmoja wakalala chini. Dogo hakufurahi. Raundi ya 9 akapata 6 yake, Panzer IV moja ikalipuka bustanini kwenye ukingo, na mizinga yake ikaondoa Panzer IV mbili zaidi zilizotoka mafichoni kutafuta njia.

Raundi ya 10 tukamaliza. Mzee alikuwa ameshika njia panda kwa vifaru vitatu na askari wachache waliofika kwa miguu, bila nguvu ya kwenda mbele zaidi, na senario ilikuwa inamtaka avuke. Ushindi wa Dogo, wa shida.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Katika vifaru vitano alivyopoteza Mzee baada ya ukungu, ndege ziliua kimoja, bazuka kimoja, mizinga viwili, na ile Panther iliyotelekezwa haikurudiwa. Kimoja kati ya vitano. Mortain ni 9 kati ya 46, nayo ni karibu kimoja kati ya vitano. Mchezo mmoja hauthibitishi sheria, dadu zingeweza kwenda popote, ila umbo la matokeo lilikuwa sawa na ndo tulichokuwa tunakitafuta.

Kilichobadilisha kila kitu hata hivyo ni ile sheria ya barabara au boma. Ingetolewa hiyo peke yake, Mzee angebaki anaketi anapigwa kama mwanzo, japo kwa dadu chache. Ndege ya kushambulia ardhini inapaswa kumgharimu adui muda na mpangilio wake, na muda mezani ni raundi. Mzee alipoteza kama raundi tatu kwa kujificha na kukusanya watu, na hakuna aliyezirushia dadu, alizitoa mwenyewe kwa kuamua. Ukiandika sheria zako jiulize kwanza anayeshambuliwa ana maamuzi gani, kabla hujagusa nguvu ya roketi.

Kumnyima Dogo kuchagua kifaru pia kulisaidia. Mwanzo alikuwa anatafuta Panther yenye thamani kubwa na kuifuta, sasa akawa anafikiria msafara uko wapi, magari laini yako wapi, watu wake wako umbali gani.

## Kilichoshindwa

Morali tuliifanya kali mno kwa askari wa miguu. Walioko kwenye mashimo bomani walikuwa wanapima sawasawa na walioko barabarani ndani ya gari wazi, hiyo sio haki, aliyechimba shimo apewe nyongeza kubwa. Platuni ya Dogo isingekimbia kwa urahisi ule.

Kuhusu kupiga wa kwenu, Dogo alilalamika kwamba 1 na 2 ni nyingi. Nimemsikiliza na nadhani amesema kweli nusu. Kitu chenyewe lazima kiwepo, Typhoon ziliwapiga Wamarekani pia siku ile, na wiki mbili kabla, kwenye Operesheni Cobra (shambulio la Wamarekani la kupenya hukohuko Normandy), mabomu ya ndege za Marekani yaliyoanguka mapema yaliua askari zaidi ya 100 wa Marekani akiwemo Jenerali McNair. Mtu asiyeogopa kuita ndege karibu na watu wake anacheza mchezo mwingine. Ila theluthi nzima ni kubwa, tumeshusha iwe 1 peke yake, na 1 au 2 ikiwa adui yuko ndani ya inchi 6. Na refa atangaze kabla hajarusha, "huna moshi hapa, unaendelea?" ili anayeita ajue anabeba nini.

Mzinga wa kutungulia ndege haukufanya lolote mchezo mzima. Mmoja mezani ni wa kubahatisha. Tungeweka miwili na kumlazimisha Mzee aamue alinde barabara au alinde bustani.

Onyo pia kwa wanaocheza vita za karibuni. Usichukue dadu yetu moja ukaipeleka kwa A-10 ya mwaka 1991 yenye kombora la kuongozwa la Maverick. Pale silaha inalenga kifaru kimoja na inakipata, hesabu ni nyingine kabisa, na kinachompa adui maamuzi ni ulinzi wa anga na mahali pa kujificha, sio roketi kukosa.

La mwisho ndo linanisumbua zaidi. Wote tulijua ukungu unaondoka raundi ya 5. Mzee alikimbiza msafara wake raundi ya 4 na ya 5 kwasababu alikuwa anaisoma saa, wakati makamanda wa kweli asubuhi ile walikuwa wanatazama juu tu na kuomba hali ya hewa iendelee kuwabeba. Kwenye toleo jipya la senario Mwandaaji ameweka karata kumi za ukungu zilizochanganywa, refa anafunua moja kila raundi kuanzia ya 3. Karata tatu zinasema ukungu unapungua, ikifunuliwa ya pili katika hizo ukungu umeondoka na Dogo anaanza kurusha dadu ya ndege. Mzee ameshaomba kucheza Wajerumani tena.